Barua ya wazi kwa wakuu wa vyuo: tuwekeeni ghala moja la programu

Waheshimiwa Wakuu wa Vyuo, Manaibu wenu wa Mipango na Fedha, na Wakurugenzi wa TEHAMA,

Shikamooni.

YAH: GHALA LA FAILI ZA KUSAKINISHIA PROGRAMU KWENYE MTANDAO WA NDANI WA CHUO

Tafadhali husikeni na mada tajwa hapo juu. Mimi ni fundi wa maabara ya kompyuta katika chuo kimoja cha umma hapa Tanzania, na huu ni mwaka wangu wa 11 kazini. Nawaandikia kwa uwazi kwa sababu kila nikikutana na mafundi wenzangu wa vyuo vingine tunasimuliana kisa kilekile, na kwa sababu dawa yake inawahitaji nyinyi. Fundi anaweza kuliunda ghala hili kwa mikono yake. Kulifanya liwe mali ya chuo ni jambo linalotaka sahihi yenu.

Naanza na asubuhi moja ya mwaka jana.

Ilikuwa wiki ya pili ya muhula, saa mbili, darasa la mipango miji, wanafunzi 58. Mhadhiri alikuwa amewaagiza waje na QGIS, programu ya kuchora ramani, kwenye kompyuta zao mpakato ili wachore mifereji ya maji ya mvua ya kata moja. Karibu nusu yao hawakuwa nayo. Waliokuwa nayo walikuwa na matoleo manne tofauti, kwa hiyo ramani iliyohifadhiwa kwenye toleo jipya ilikuwa ikifunguka kwa onyo kwenye toleo la zamani, na menyu aliyoionyesha mhadhiri ukutani haikufanana na waliyoiona wao. Mhadhiri hakuwa na namna. Akasema, "Basi pakueni sasa hivi." Faili ya kusakinishia QGIS kwenye Windows inazidi gigabaiti moja. Vijana 30 waliivamia Wi-Fi kwa mpigo, na dakika chache baadaye ofisi ya mitihani ghorofa ya juu wakapiga simu kuuliza kulikoni, mtandao umekufa.

Binti mmoja wa mstari wa mbele aliachana na Wi-Fi, akajiunga bando kwenye simu yake na kuirushia kompyuta. Nilikuwa nimesimama nyuma yake. Ilifika asilimia 71, bando likakata. Aliitazama ile asilimia kwa muda, akafunga kompyuta taratibu, akaniambia, "Fundi, hiyo ilikuwa hela ya chakula cha mchana."

Nikakimbilia ofisini kuchukua diski yangu ya nje. Nilikuwa na faili ile, ya toleo la mwaka mmoja nyuma. Nikainakili kwenye flashi tatu zilizopatikana palepale, zikaanza kupita mkono kwa mkono. Kwenye kompyuta ya tano antivairasi ikapiga kelele: flashi moja ilikuwa na vile virusi vinavyoyaficha mafolda na kuweka njia za mkato mahali pake. Tukasimama, tukasafisha, tukaanza upya. Saa nne kipindi kikaisha. Kompyuta 19 zilikuwa na programu. Hakuna mstari hata mmoja uliochorwa.

Naomba mlione vizuri tatizo lilipokuwa. QGIS ni ya bure, kihalali kabisa. Kuanzia 2015 wanafunzi wa Chuo Kikuu Ardhi na wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walishiriki Ramani Huria, kazi ya kuzichora kata za Dar es Salaam zinazokumbwa na mafuriko, wakitumia programu za aina hiihii na ramani huria ya OpenStreetMap. Uwezo upo, vijana wapo, programu haina bei. Kilichotukwamisha asubuhi ile ni kwamba faili moja, ambayo chuo kilishawahi kuipakua mara nyingi huko nyuma, haikuwa na mahali pake chuoni.

Twende kwenye hesabu, kwa sababu najua meza zenu zinataka hesabu. Chukua faili ya gigabaiti 1.2 kwa wanafunzi 58. Hiyo ni karibu gigabaiti 70. Chuo chenye intaneti ya megabiti 20 kwa sekunde, ikiachwa yote kwa ajili ya darasa hilo na mtu mwingine asifungue hata barua pepe, kitatumia karibu saa nane kuzishusha. Sasa iweke faili hiyohiyo kwenye seva, yaani kompyuta inayozigawia nyingine faili, iliyomo ndani ya jengo. Kwenye waya wa gigabiti moja, kompyuta moja inaipata kwa sekunde kumi na kitu. Kwenye zile swichi zetu za zamani (visanduku vinavyounganisha nyaya za mtandao) za megabiti 100, haifiki dakika mbili. Darasa zima likichota kwa pamoja kutoka seva yenye waya wa gigabiti moja, ni kama dakika 11. Kwa Wi-Fi itachukua muda zaidi maana hewa wanagawana, lakini hata hivyo mhadhiri atakuwa anaita majina, na akimaliza kuita kazi inaanza. Na ofisi ya mitihani haitajua kama kulikuwa na darasa.

Intaneti ya chuo inalipiwa kila mwezi. Swichi na nyaya za ndani ya majengo zilishalipiwa, na usiku kucha zimelala.

Ninachokiita ghala ni kitu cha kawaida mno. Kompyuta moja ya mezani yenye diski kubwa mbili, ya pili ikiwa nakala ya ya kwanza, imewekwa kwenye chumba chenye kufuli na UPS (betri ya kuishikilia umeme ukikatika), imechomekwa kwenye swichi kuu. Ndani yake kuna folda moja inayoonekana kwenye kila kompyuta ya chuo. Mwanafunzi anaweza kusoma na kunakili. Kuweka au kubadilisha faili ni kazi ya watu wawili tu waliotajwa kwa barua. Windows inaweza hilo bila kuongeza chochote. Linux, mfumo huria wa kuendeshea kompyuta, inalifanya kwa Samba, programu huria iliyoanza 1992. Hakuna kinachohitaji zabuni ya mamilioni.

Thamani ya ghala inaanzia kwenye lebo. Mnaujua mfumo wa stakabadhi ghalani, ambao sheria yake ilipitishwa 2005. Mkulima wa korosho akipeleka mzigo wake haumwagwi tu sakafuni. Unapimwa, unapewa daraja, unaandikiwa stakabadhi, na karatasi ile ndiyo inayomfanya mnunuzi aliye mbali aamini korosho ambazo hajaziona. Faili ya programu inataka heshima hiyohiyo. Katika ghala dogo la majaribio nililolitengeneza kwenye maabara yangu, kila folda ina karatasi ya maandishi inayoitwa SOMA KWANZA. Ya QGIS inasema: toleo gani, limepakuliwa tarehe gani, kutoka tovuti ya nani, na fundi yupi, leseni yake ni ipi, kozi zipi zinaitumia, inahitaji Windows ya ngapi na nafasi kiasi gani, limejaribiwa kwenye kompyuta zipi za maabara. Mstari wa mwisho ni herufi na tarakimu 64 zisizosomeka, nazo ndizo muhuri.

Muhuri huo unaitwa SHA-256. Unatokana na hesabu inayofanywa juu ya faili nzima, na faili ikibadilika hata kidogo, muhuri mzima unakuwa mwingine. Watengenezaji wengi wanautangaza kwenye tovuti zao. Fundi anapakua mara moja, analinganisha mara moja, anaandika. Baada ya hapo mtu yeyote chuoni anaweza kuthibitisha kwamba faili aliyonayo ndiyo ileile iliyotoka kwa mwenyewe. Hili si la kudharau. Tarehe 20 Februari 2016 wavamizi waliingia kwenye tovuti ya Linux Mint, mojawapo ya matoleo ya Linux, na kubadilisha viungo, ili wanaopakua wapelekwe kwenye nakala yenye mlango wa siri. Tovuti ilikuwa halisi, jina lilikuwa halisi, faili ilikuwa ya mwizi. Niambieni, kati ya wanafunzi 58 wanaopakua kwa haraka kabla kipindi hakijaisha, ni wangapi wanakagua muhuri? Hakuna. Na hata tovuti halisi hawafiki. Wanaandika jina la programu kwenye kisanduku cha kutafutia na kubofya tangazo la juu.

Ghala halizuii kila baya. Mwaka 2017 toleo la CCleaner, programu ya kusafisha kompyuta, lilichafuliwa huko huko linakotengenezwa, likasambazwa na mwenye mali akiwa hajui. Ghala lingelipokea kama kawaida. Lakini siku habari ilipotoka, chuo chenye ghala kingefungua kumbukumbu za seva, kikaona toleo lile lilichukuliwa na kompyuta zipi, kikaenda kuzisafisha. Chuo kisicho na ghala kingebandika tangazo ubaoni.

Sasa niseme juu ya jambo linaloniuma kuliko asubuhi ile ya QGIS.

Kwenye maabara ya kemia ya chuo chetu kuna mashine ya kupima jinsi mwanga unavyofyonzwa na kimiminika. Ilifika kwa msaada wa mradi, miaka mingi kabla sijaajiriwa. Ilikuja na CD moja ya programu yake na draiva zake (programu ndogo zinazoiwezesha kompyuta kuwasiliana na mashine), za Windows ya zamani. CD ile ilikaa kwenye droo ya mzee mmoja aliyekuwa fundi mkuu, mtu mwangalifu sana, aliyenifundisha kazi nusu ya ninayoijua. Alipostaafu aliikabidhi ofisi funguo, orodha ya vifaa na kompyuta yake. CD haikuwemo kwenye orodha kwa sababu hakuna aliyewahi kuihesabu kuwa mali. Kompyuta iliyokuwa ikiendesha mashine ile ilipokufa diski, nilimpigia mzee simu, akakumbuka droo, akakumbuka hata rangi ya bahasha. Droo ilishahamishwa na meza yake. Tulitafuta wiki mbili. Mtengenezaji alishaacha kuiweka faili ile kwenye tovuti yake. Barua pepe yetu ilijibiwa kwa ushauri wa kununua mashine mpya.

Mashine ile ni nzima. Taa yake inawaka. Imefunikwa kitambaa cha kijani, na wanafunzi wa mwaka wa tatu wanaisoma kwenye kitabu wakiwa wamekaa hatua nne kutoka ilipo. Kilichoikosesha kazi ni faili ambayo ingekaa kwenye kona ya diski yoyote ya leo bila kuonekana.

Mimi mwenyewe nilikuwa naelekea kuwa droo nyingine. Kwa miaka saba ghala la chuo lilikuwa diski yangu ya nje ya terabaiti moja, niliyoinunua kwa mshahara wangu. Draiva za printa zote, programu za wahasibu, za maktaba, za walimu wa hisabati, vyote humo. Siku moja ilianguka kutoka mezani. Ikaanza kutoa mlio wa tik, tik, tik, na haikufunguka tena. Miezi minne nilikuwa naombaomba faili kwa wenzangu wa vyuo vingine, nao wananitumia walichonacho, bila kujua kilitoka wapi. Nilipokea kwa shukrani, na nikavisakinisha kwa hofu. Chuo hakikuandika popote kwamba kimepoteza kitu, kwa sababu kwenye vitabu vyake hakikuwa nacho.

Waheshimiwa, kila chuo kina mtu wa namna hii. Muulizeni mhasibu wenu programu yake ikiharibika leo faili itatoka wapi. Atataja jina la mtu.

Suala la masasisho nalo lipo hapohapo. Kuna maabara ninazozijua ambako masasisho ya Windows yamezimwa kwa makusudi, kwa nia njema, ili intaneti isielemewe na kompyuta 40 zinazoshusha kitu kilekile kila mwezi. Namwelewa aliyezima. Lakini kumbukeni tarehe 12 Mei 2017. Kirusi cha WannaCry kilizunguka dunia kwa siku chache, kikafunga kompyuta za hospitali nchini Uingereza hadi wagonjwa wakarudishwa nyumbani. Sasisho la kuziba tundu kilichopitia lilikuwa limetolewa na Microsoft tarehe 14 Machi mwaka huohuo. Miezi miwili kabla! Walioumia wengi walikuwa na dawa mlangoni, hawakuiingiza ndani. Kwenye ghala la ndani sasisho linashuka mara moja, usiku, kisha kompyuta zote zinalichukua ndani. Upande wa Windows kazi hiyo inafanywa na WSUS, ambayo imo ndani ya Windows Server. Upande wa Linux, programu ndogo ya apt-cacher-ng inakaa katikati: kompyuta ya kwanza ikiomba kifurushi, inakileta kutoka nje na kubaki na nakala, zinazofuata zinapewa nakala ile. Kompyuta 39 hazitoki nje kabisa.

Na kwa walimu wa takwimu: kozi zenu za R, programu ya kuchambua takwimu, zinakufa dakika ya kumi, wakati mnapowaambia wanafunzi wasakinishe vifurushi, na kila mmoja anaanza kuvuta makumi ya vifurushi tegemezi kutoka ng'ambo. Hazina kuu ya R, yaani CRAN, inaruhusu kunakiliwa. Chuo kinaweza kuchagua vile vinavyotumika kwenye kozi zake na kuviweka ndani kabla muhula haujaanza. Nimelifanya hilo kwa darasa moja. Mhadhiri alimaliza somo la kwanza kwenye kipindi cha kwanza, akaja ofisini kunishika mkono.

Kuna hoja tatu ambazo nimeshajibiwa nazo kwenye vikao, nami nazijibu hapa.

Ya kwanza ni leseni: kwamba chuo kikiweka programu mahali pa wazi kitakuwa kinasambaza mali za watu. Hoja ni nzito na mwenye kuitoa anajali chuo. Lakini ghala ndilo linaloleta utaratibu huo mnaoutaka. QGIS, R, LibreOffice, Python na Zotero zinaruhusu kugawiwa, na leseni zake zinasema hivyo waziwazi. Programu za kulipia zinakaa kwenye folda yenye ruhusa maalumu, inayoonekana kwa kompyuta zilizonunuliwa leseni tu, na funguo zake zinatunzwa kwa mkaguzi, mbali na faili. Tazameni hali ilivyo sasa bila ghala. Mwanafunzi anakwenda kwenye kibanda cha steshenari nje ya geti, anapigiwa Windows na programu ya takwimu yenye kreki, yaani iliyovunjwa kufuli ya leseni, na jambo la kwanza analoambiwa ni azime antivairasi. Akirudi anaichomeka kompyuta hiyo kwenye mtandao wenu. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ipo tangu 1999, na mvunjaji tunamtengeneza sisi wenyewe kwa kumwagiza programu bila kumwonyesha ilipo.

Ya pili ni usalama: faili moja chafu ghalani itachafua chuo kizima. Kweli, na ndiyo maana nasisitiza watu wawili. Mmoja apakue na kukagua muhuri, mwingine apitie na kuruhusu. Flashi zinazozunguka leo hazina hata mtu mmoja.

Ya tatu ni kwamba siku hizi kila kitu kiko kwenye intaneti, kuna haja gani ya kuweka vitu ndani. Wanaosema hivi nawaomba wakumbuke tarehe nyingine ya 12 Mei, ile ya 2024. Nyaya za baharini za EASSy na SEACOM zilikatika, na Afrika Mashariki ikapata siku za intaneti ya kuchechemea, Tanzania ikiwa miongoni mwa zilizoumia sana. Mimi nilikuwa kazini. Siku hizo mtandao wa ndani wa chuo ulikuwa mzima, kila taa ya swichi inawaka kijani, kompyuta zinaonana, printa zinachapa. Tulikosa tu kitu cha maana cha kuchukuliana. Kama ghala lingekuwepo, maabara zingeendelea na masomo, na wengi wangeusikia mkatiko ule kwenye taarifa ya habari.

Ninachokiomba, basi.

Kila mkuu wa chuo atoe waraka wa ukurasa mmoja unaolitambua ghala la programu kuwa mali ya chuo, unaowataja kwa vyeo watu wawili wanaolisimamia, na unaoagiza kwamba kifaa chochote kinachopokelewa, kiwe cha kununua au cha msaada, hakisainiwi stoo hadi nakala ya programu yake na draiva zake iingie ghalani. Kipengele hiki cha mwisho nakiombea kwa nguvu zote. Kingekuwepo, mashine ya kemia ingekuwa inafanya kazi. Mafundi wanaostaafu au kuhama wakabidhi faili kama wanavyokabidhi funguo. Wakuu wa idara walete orodha ya programu za kozi zao wiki sita kabla ya muhula, na toleo moja lichaguliwe kwa kozi nzima. QGIS, kwa mfano, huwa na toleo la muda mrefu linalotunzwa mwaka mzima. Hilo ndilo la kufundishia.

Fedha mtakazotakiwa kutenga ni za diski mbili na UPS. Kompyuta yenyewe chuo hakikosi. Mle stoo zipo zilizoandikwa kuwa chakavu ambazo kwa kazi ya kugawa faili ni nzima kabisa. Nakala ya akiba ikae jengo lingine, kwa sababu moto na mvua havichagui.

Na kwenu mnaokaa pamoja kwenye ngazi ya taifa, nina ombi la pili. Majirani zetu wa Kenya, kupitia mtandao wao wa elimu wa KENET, wameweka nakala za hazina za Linux ndani ya nchi yao. Afrika Kusini wanafanya hivyo kupitia TENET, mtandao wa vyuo vyao. Sisi tunayo TERNET, mtandao wetu wa elimu na utafiti, tunao Mkongo wa Taifa wa mawasiliano, tunavyo vituo vya kubadilishana mawasiliano ndani ya nchi, Dar es Salaam na Arusha. Hazina za Debian na Ubuntu, matoleo mawili ya Linux, zimeundwa ili zinakiliwe: orodha ya vifurushi inatiwa sahihi ya kidijitali na wenyewe, na kompyuta inayosakinisha inaikagua sahihi ile popote nakala ilipotoka, kwa hiyo anayetunza nakala hana uwezo wa kuichezea bila kugundulika. Ghala moja kubwa la vyuo vyote, ambalo maghala madogo ya vyuo yanachota humo usiku, lingemwezesha fundi wa chuo kidogo cha ualimu kule pembezoni apate faili iliyokaguliwa sawa na mwenzake wa Dar es Salaam. Najua si kila chuo kina mtu wa kukaa kukagua mihuri. Basi wachache wakague kwa niaba ya wote.

Ghala langu la majaribio lina programu 43 sasa. Linakaa kwenye kompyuta iliyotolewa kwenye stoo ya chakavu, diski yake ni moja, haina nakala, na hakuna karatasi yoyote ya chuo inayoitaja. Ikifa wiki hii, tutarudi kwenye flashi.

Kabla ya kunijibu, nawaomba jambo dogo. Shukeni siku moja kwenye maabara ya chuo chenu, pasipo taarifa, mkae na fundi wenu. Chagueni programu moja inayofundishiwa muhula huu. Mwambieni awaonyeshe faili aliyoisakinishia, ilitoka wapi, lini, na ikipotea leo mchana ataipata wapi kesho asubuhi.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Fundi wa maabara ya kompyuta